Kompyuta za hospitali zitahiniwe zikiwa pamoja

MWAKA jana nilimsindikiza shangazi yangu, bibi wa miaka 71 ambaye ameishi na ugonjwa wa kisukari kwa zaidi ya mwongo mmoja, kutoka hospitali moja ya binafsi alikokuwa amelazwa kwa siku mbili hadi nyingine kubwa zaidi alikotumwa kwa rufaa. Hospitali ya kwanza ilikuwa na kompyuta katika kila chumba, tangu mapokezi hadi duka la dawa. Ya pili nayo ilikuwa nazo tele, na juu ya dirisha la karani palibandikwa tangazo la kujisifu kwamba wagonjwa wa hapo hawana haja tena ya makaratasi. Walakin kitu kilichosafiri kutoka kompyuta za huku hadi kompyuta za kule kilikuwa ni bahasha ya kaki, nami ndimi niliyekuwa tarishi wake.

Karani aliifungua akaanza kunakili kwa kidole kimoja. Alipofika penye sukari ya damu alikuta pameandikwa 252, naye akaandika 252. Kompyuta ikaipokea nambari hiyo bila ya kuuliza lolote. Daktari kijana aliyetuona baada ya saa nzima aliitazama kompyuta yake, akamtazama shangazi aliyekuwa akiilalamikia baridi ya chumba, kisha akatabasamu. "Mama," alisema, "kwa nambari hii hungekuwa ukizungumza nami."

Mambo yalikuwa hivi. Hospitali ya kwanza ilipima sukari kwa miligramu katika kila desilita ya damu. Ya pili, kama zilivyo hospitali nyingi za nchi hii, hupima kwa milimoli katika kila lita. Atakaye kuipata hesabu ya pili kutokana na ile ya kwanza hugawanya kwa 18, na 252 ikigawanywa kwa 18 ni 14. Sukari ya shangazi ilikuwa imepanda, naam, lakini kupanda kwa mtu anayeweza kulalamikia baridi.

Tulicheka sote watatu. Kicheko hicho kilinitoka usiku, nilipokwisha kufika nyumbani na kuanza kujiuliza ingekuwaje lau nambari ile isingekuwa ya ajabu. Chukua, msomaji, nambari 30. Mgonjwa ambaye sukari yake ni miligramu 30 kwa desilita amepungukiwa mno. Yu karibu kupoteza fahamu, na tiba yake ni kupewa sukari upesi. Mgonjwa ambaye sukari yake ni milimoli 30 kwa lita amezidiwa nayo, na tiba yake ni maji na insulini. Nambari ni ile ile moja ilhali matibabu ni kinyume kabisa. Ukimdunga wa kwanza insulini waweza kumuua. Na kompyuta iliyoipokea 252 bila ya kuuliza ingeipokea 30 kwa utulivu uo huo, ila safari hii hata daktari asingekuwa na sababu ya kutabasamu.

Siyasemi haya kwa kuwa nazichukia kompyuta. Makaratasi tumeyaona: faili zimepotea, nyingine zimeliwa na mchwa, na mama wajawazito wameulizwa maswali yale yale katika kila dirisha kana kwamba wamezaliwa siku hiyo. Ninalolilalamikia ni kwamba tununuapo mifumo hii tunauliza maswali yote isipokuwa moja. Tunauliza bei yake, tunauliza kama itatoa risiti, tunahesabu idadi ya mashine, kisha tunamwita mheshimiwa aje kukata utepe. Hatuulizi kama mfumo huu umewahi kuketishwa ana kwa ana na mwenzake uliotengenezwa na kampuni nyingine, mbele ya shahidi asiyemwegemea yeyote, ukatuma taarifa za mgonjwa, na taarifa hizo zikafika zikiwa na maana ile ile zilizoondoka nayo. Muuzaji atakuambia kwamba programu yake "inafuata viwango vya kimataifa". Hayo ni maneno ya kijitabu cha biashara, na kijitabu cha biashara hakijapata kumsaidia mgonjwa.

Kusikilizana kwa mifumo si jambo moja, na hapo ndipo wengi wetu hupotelea. Kwanza sharti pawe na njia ya kupitisha ujumbe. Hilo siku hizi ni jepesi. Pili sharti ujumbe uwe na sarufi inayojulikana na pande zote mbili, ili mpokeaji ajue kwamba hili ni jina, hii ni tarehe ya kuzaliwa, na haya ni majibu ya maabara. Tatu, na hili ndilo gumu, sharti neno liwe na maana moja kwa wote wawili. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunao mfano wake nyumbani. Mzee wa Mombasa akimwambia mgeni wa Unguja "ndoo", sauti imefika salama na matamshi hayana kasoro, lakini mgeni huyo aweza kuinuka akatafute chombo cha kutekea maji, na kumbe ameitwa aje. Hapana aliyekosea. Kila mmoja amesema lugha yake kwa ufasaha, ila ujumbe umepotea katikati yao.

Na tuukumbuke upande wa pili wa mfano huo. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki haikuishia kutangaza kwamba Kiunguja ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ikaenda zake. Vitabu vya shule vilipelekwa mbele yake vikakaguliwa, na kile kilichokwenda kinyume na kanuni kilirudishwa kwa mwandishi. Watu wa Mvita walinung'unika, wala hawakunung'unika bure, kwa maana kamati ile ilianza kazi bila ya Waafrika ndani yake, na hazina kubwa ya tungo zao iliwekwa kando. Nitalirudia jambo hilo. Kwa sasa latosha kuona kwamba waliotaka usanifu walijua kuwa kanuni isiyo na mkaguzi ni nasaha tu.

Katika uwanja wa tiba viwango havijakosekana. Tangu mwaka 1985 waundaji wa mashine za picha za mwili na madaktari wa picha huko Marekani walianza kuafikiana jinsi picha itakavyotoka katika mashine ya kampuni moja na kusomwa na ya kampuni nyingine. Maafikiano hayo yalipofika 1993 yalipewa jina la DICOM, na leo picha iliyopigwa Mombasa yaweza kusomwa na daktari aliyeko Nairobi, wala mtu hajiulizi tena ni muujiza gani huo. Mwaka 1987 likaundwa shirika la HL7 lililotunga sarufi ya ujumbe wa hospitali: kulazwa, kutolewa, maombi ya maabara, majibu yake. Mwaka 1994 taasisi ya Regenstrief ya mjini Indianapolis ikaanzisha orodha iitwayo LOINC, ambayo humpa kila aina ya kipimo cha maabara nambari yake. Katika orodha hiyo sukari ya majimaji ya damu iliyopimwa kwa uzito ni 2345-7, na ile iliyopimwa kwa moli ni 14749-6. Yaani lile lililomkuta shangazi lilikwisha kufikiriwa na watu zamani, likapatiwa dawa, na dawa hiyo ikaandikwa katika orodha ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia bila ya malipo.

Basi mbona limemkuta? Kwa sababu kiwango cha kimataifa aghalabu huwa ni kipana kama mlango wa zizi. Sarufi ya kale ya HL7 inayo nafasi ya kuandika kipimo kilichotumika kando ya kila nambari, lakini matoleo yake yaliyoenea sana hayakumlazimisha mtumaji kuijaza nafasi hiyo. Iliachwa kuwa hiari, kama zilivyoachwa nafasi nyingine chungu nzima, maana waliokuwa mezani walitoka katika kampuni zenye desturi mbalimbali, na njia nyepesi ya kuwapatanisha ilikuwa ni kumwachia kila mmoja la kwake. Hata sarufi mpya ya FHIR, ambayo Mwaustralia Grahame Grieve aliiasisi mwaka 2011 na ambayo ni nyepesi zaidi kwa waandishi wa programu, haimlazimishi mtu kutaja kipimo. Inatarajia kila nchi ikae chini ijiandikie masharti yake: hapa kwetu sehemu hii ni lazima, orodha ya maneno ni hii, tarehe iandikwe hivi. Kampuni mbili zaweza basi kufuata kiwango kile kile, kila moja ikaapa kwa haki kwamba imekifuata, na zisisikilizane.

Ndiyo maana waliobobea katika kazi hii hutofautisha mitihani miwili. Katika mtihani wa kwanza mfumo huwekwa peke yake mbele ya programu ya mtahini, ambayo hujifanya ni hospitali ya upande wa pili. Ujumbe wake hukaguliwa sehemu moja baada ya nyingine. Je, zile sehemu za lazima zimo? Nambari ya kipimo imetoka katika orodha iliyokubaliwa, au mtu ameibuni? Tarehe 03/04 ni ya mwezi wa Aprili kama tusomavyo sisi, au ni ya Machi kama wasomavyo Wamarekani? Kisha mtahini mwerevu hufanya jambo ambalo muuzaji halipendi: huutumia mfumo ujumbe mbovu kwa makusudi. Huutumia sukari isiyo na kipimo, mwanamume mjamzito, mtoto aliyezaliwa kesho. Mfumo mzuri hukataa kwa sauti na kusema sababu. Mfumo mbaya humeza. Kwa maoni yangu huu ndio mtihani unaofichua zaidi, kwa sababu karani aliyechoka saa kumi za alasiri hutenda makosa, na mashine ya pili iliwekwa hapo ili iyatambue.

Mtihani wa pili ni ule wa kuketishwa pamoja. Mifumo miwili yaweza kufaulu wa kwanza kila mmoja kivyake, na ikashindana mara tu inapokutana, kwa kuwa kila mmoja umechagua hiari tofauti. Kinyume chake nacho hutokea, tena ni cha hatari kwa kuwa kinadanganya: mifumo miwili iliyotengenezwa na marafiki husikilizana vizuri kabisa kwa kuwa yote miwili imekosea kosa moja, kama watoto pacha wanaoelewana kwa lugha ambayo hata mama yao haijui. Siku utakapoingia mfumo wa tatu ndipo aibu itakapofunuka. Kwa hiyo hakuna mtihani unaoweza kuchukua nafasi ya mwenzake.

Mwaka 1998 madaktari wa picha na wasimamizi wa mifumo ya hospitali nchini Marekani waliunda shirika liitwalo IHE, na mwaka uliofuata wakaanza mkutano wa ajabu unaoitwa Connectathon. Huo si mkutano wa hotuba. Wahandisi wa makampuni yanayoshindana sokoni huletwa katika ukumbi mmoja kwa muda wa takriban siku tano, kila mmoja na mashine yake, nao hutakiwa kubadilishana taarifa za wagonjwa wa kubuni. Si haki kufaulu na mwenzi mmoja tu. Kwa kawaida hutakiwa wenzi watatu. Wasimamizi wasiolipwa na kampuni yoyote kati ya zile hupita meza hadi meza, huomba kuonyeshwa ujumbe ulivyotoka na ulivyofika, na ndio wanaotia alama. Kosa likionekana asubuhi, wahandisi wa pande mbili huinamia kompyuta moja, wakarekebisha, wakajaribu tena kabla ya jua kuchwa. Ulaya iliiga desturi hiyo mwaka 2001, na nchi nyingine zikafuata. Faida yake ni kwamba mtu hufeli mahali ambapo kufeli hakumdhuru mgonjwa.

Katika jambo moja sikubaliani nao: desturi yao ni kutangaza waliofaulu tu. Naelewa sababu yake. Kampuni isingethubutu kuja kama ingejua kwamba itaumbuliwa magazetini. Lakini mfumo ukinunuliwa kwa fedha za umma, mlipa kodi ana haki ya kujua ni mitihani gani ambayo mfumo huo haukuthubutu kuikaribia.

Wako watakaosema kwamba cheti cha serikali kinatosha. Hao ningependa wakumbuke yaliyotokea huko Marekani, nchi ambayo tangu mwaka 2011 iliwalipa madaktari mabilioni ya dola ili watumie rekodi za kompyuta zilizopata cheti. Mnamo Mei 2017 kampuni ya eClinicalWorks ilikubali kulipa dola milioni 155 kumaliza mashtaka ya serikali ya nchi hiyo. Serikali ilidai, miongoni mwa mengine, kwamba kampuni ilikuwa imejua mapema ni dawa zipi zitakazoulizwa katika mtihani, na badala ya kuuwezesha mfumo kuzitafuta nambari za dawa zote katika orodha kamili, iliziandika ndani ya programu nambari 16 tu zilizohitajika siku ya mtihani. Madai hayo yalimalizwa kwa maafikiano bila ya mahakama kutoa hukumu. Lakini Mkenya yeyote ayasomapo anatambua harufu yake. Mtahiniwa aliyekariri majibu tunamjua. Tulimwona mwaka 2015 mtihani wa KCSE ulipovuja hata bodi ya baraza la mitihani ikavunjwa mwaka uliofuata. Tofauti ni kwamba mwanafunzi aliyekariri hujidhuru mwenyewe, ilhali programu iliyokariri dawa 16 huenda ikaulizwa ya 17 usiku wa manane katika wadi.

Turejee nyumbani. Nchi hii si mgeni katika kazi hii, na nasema kwa fahari. Mwaka 2001 katika kituo cha afya cha Mosoriot, huko Nandi, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana waliweka rekodi za wagonjwa katika kompyuta, wakati ambapo hospitali nyingi za mataifa tajiri zilikuwa bado zinasukuma faili kwa vigari. Kazi ya Eldoret iliyofuata ndiyo iliyochangia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, programu ya wazi ambayo sasa inatumika katika nchi nyingi, na ambayo juu yake ilijengwa KenyaEMR iliyozinduliwa mwaka 2012. Wizara ya Afya ilitoa viwango na miongozo ya mifumo ya rekodi za wagonjwa tangu 2010. Mwaka 2023 likaja Bunge na Sheria ya Afya ya Dijitali, iliyoanzisha Wakala wa Afya ya Dijitali na kutaka pawe na mfumo mmoja uliounganishwa wa taarifa za afya. Sheria hiyo na nyingine zilizopitishwa pamoja nayo zilipingwa mahakamani mwaka huo huo, na mjadala wake umejaa mambo ya fedha na ya katiba ambayo si ya ukurasa huu.

Kwa hiyo viwango tunavyo, na wakala tunaye. Nisichokiona ni ukumbi ule wenye meza. Tarehe 1 Oktoba 2024 hazina ya zamani ya bima ya hospitali iliondoka na Mamlaka ya Afya ya Jamii ikashika nafasi yake, na kwa ghafla mifumo ya hospitali kubwa na ndogo ikatakiwa kuzungumza na mfumo mpya wa serikali. Miezi ya mwanzo magazeti yalijaa malalamiko ya wagonjwa waliokaa kwenye madawati wakisubiri jina litokee. Sidai kwamba kila dakika ya kusubiri ilitokana na ukosefu wa mtihani. Nadai kwamba makosa ya aina hiyo yana mahali pake pa kugunduliwa, na mahali hapo si dirisha la mapokezi lenye foleni ya watu mia.

Na mtihani huo sharti utungwe hapa. Ndipo niliposema nitairudia kamati ya 1930. Zana nyingi za kutahini zinapatikana bure, lakini wagonjwa wa kubuni walio ndani yake huitwa kwa majina ya Kizungu yenye sehemu mbili zilizonyooka. Mlete mbele ya programu hizo Mzee Ng'ang'a, au Chebet binti wa Ng'eno. Ile alama ndogo ya ritifaa katika majina yao ndiyo ambayo katika lugha za kompyuta aghalabu humaanisha kwamba maneno yamekwisha. Programu iliyoandikwa ovyo humkata Mzee Ng'ang'a akabaki "Ng", au humpoteza kabisa, au huanguka kifudifudi. Mlete Msomali mwenye majina matatu, lake na la baba na la babu, ambaye hana hata moja la ukoo katika maana ya Kizungu. Mfumo mmoja utamweka chini ya jina la babu, mwingine chini ya lake, na atakuwa watu wawili. Mlete Mohamed aliyeandikwa Muhammad katika zahanati na Mohammed katika hospitali ya kaunti. Walete mabibi na mababu waliosajiliwa wote kuwa wamezaliwa Januari 1, kwa sababu karani alitaka tarehe na wao walikuwa na mwaka tu, tena wa kukisia. Mfumo utakaowachanganya hao utampa mmoja dawa inayomdhuru na kumnyima mwingine damu ya kundi lake. Mtahini wa Chicago hawezi kuyafikiria hayo, wala hatuna haki ya kumlaumu.

Pingamizi ninalolichukulia kwa uzito ni la vijana wa Nairobi, Kisumu na Eldoret wanaotengeneza programu za zahanati kwa mtaji mdogo. Wanasema kwamba mtihani wa lazima utakuwa ukuta ambao makampuni makubwa yataupanda kwa ngazi ya fedha na wao watabaki chini. Wana haki ya kuogopa. Cheti kikiwekewa ada kubwa kitageuka kuwa kibali cha biashara, na vibali vya biashara twajua vinavyopatikana. Lakini gharama kubwa ya kazi hii si mashine. Ni ukumbi, ni wiki moja ya muda, na ni watahini waadilifu. Vyuo vikuu vyetu vina kumbi zinazolala tupu wakati wa likizo na wanafunzi wa kompyuta wanaotafuta mahali pa kujifunza kazi. Serikali na ilipie ukumbi, ada isiwepo kwa mdogo, maswali ya siku ya mtihani yasijulikane na yeyote kabla ya asubuhi yenyewe, na kila mfumo urudi kutahiniwa utokapo na toleo jipya, maana programu iliyokuwa timamu mwezi Machi yaweza kuharibiwa na marekebisho ya mwezi Aprili. Kijana mwenye programu nzuri atatoka hapo akiwa na hoja ambayo hata kampuni kubwa haina.

Ama wale wakubwa wanaoona faida katika kutosikilizana, maana mteja aliyefungiwa ndani halipi kwingine, hao hawatakuja kwa hiari. Katika pesa za simu tuliwaona wenzao. Tangu 2007 hadi 2018 mwenye fedha katika mtandao mmoja hakuweza kumtumia wa mtandao mwingine zikaingia moja kwa moja katika akaunti yake, na tuliambiwa kila aina ya sababu ya kiufundi. Wasimamizi wa sekta waliposhikilia, sababu hizo zikayeyuka katika muda wa miezi michache. Kaunti zinaponunua mifumo zina nguvu hiyo hiyo mikononi mwao: mstari mmoja katika zabuni, kwamba asiyeleta matokeo ya mtihani wa pamoja hasomwi bei yake.

Shangazi yeye hakungoja zabuni. Alipotoka hospitalini alimtuma mjukuu wake dukani akanunue daftari la shule, lile la jedwali la kuzidisha nyuma, na tangu hapo kila anapopimwa sukari humpa muuguzi daftari hilo aandike kwa mkono wake. Juu ya kila ukurasa mjukuu ameandika kwa wino mwekundu "milimoli kwa lita", kurasa zote, hata zile ambazo bado ni nyeupe. Siku yake ya kliniki ni Alhamisi, na amenikumbusha mara mbili kwamba safari hii bahasha nisiibebe mimi.